Aya Ni Kile Kinachobaki: Kuisoma Fani ya Docutils

Ndani ya Docutils kuna orodha fupi ya ruwaza ambayo naihesabu kuwa ukurasa bora kuliko kurasa zote za maktaba hiyo. Kazi yake ni kuutambua kila mstari mpya wa maandishi. Mashine huanza juu na kushuka ikiuliza. Mstari huu ni mtupu? Umesogezwa ndani? Umeanza na kinyota au kistari cha orodha? Na namba? Na jina la uga lililobanwa katikati ya nukta pacha? Na chaguo la amri, kama yale yanayoandikwa kwa kistari mbele ya herufi? Na alama >>> ambayo Python humkaribishia mtu aandike? Ni mstari wa ushairi? Ni ukingo wa jedwali? Umeanza na vitone viwili, dalili ya agizo maalumu? Ni alama tupu zilizopangwa bila herufi? Swali moja likijibiwa hapana hufuata jingine, mpaka chini kabisa, ambako ipo ruwaza isiyo na herufi wala alama yoyote ndani yake. Ruwaza tupu hulingana na kila kitu. Hiyo ndiyo ruwaza ya maandishi ya kawaida.

Aya, basi, haina alama ya kuitambulisha. Kitu tunachokiandika kuliko kingine chochote ndicho pekee kilichoachwa bila sura. Aya ni kile kinachobaki baada ya vingine vyote kukataa. Na kwa kuwa ruwaza tupu haikatai chochote, mahali pake ni mwisho wa orodha tu. Ukiipandisha juu, kila mstari utageuka aya: orodha zitakufa, majedwali yatakufa, maagizo yatakufa, ilhali hujafuta hata herufi moja ya msimbo. Maana yote ya lugha imekaa katika mpangilio wa maswali.

Docutils ni maktaba ya msimbo ya lugha ya Python. Husoma maandishi yaliyoandikwa kwa reStructuredText, lugha alamishi ya nyaraka za programu, na kuyageuza kuwa HTML, LaTeX, kurasa za mwongozo za Unix, hati za OpenDocument au XML. Mwasisi wake ni David Goodger. Nasaba yake inafuatika: Setext ya Ian Feldman, ya mwaka 1992, ilionyesha kwamba maandishi ya kawaida yanaweza kubeba muundo na bado yakasomeka kwa jicho, StructuredText ya Jim Fulton na wenzake wa Zope ikalileta wazo hilo kwa watu wa Python, lakini ikazifunga ngazi za sehemu kwenye kina cha kusogeza maandishi ndani, hivyo hati yenye sehemu nyingi ikawa inakimbilia ukingo wa kulia. Goodger alieleza usanifu wa Docutils katika Pendekezo la Kuboresha Python namba 258, la mwaka 2001, kisha akatetea reStructuredText iwe lugha ya nyaraka za Python katika namba 287, la mwaka 2002. Mwaka 2008 Georg Brandl alitoa Sphinx, iliyojengwa juu ya Docutils, na nyaraka za Python 2.6 zikatoka mwaka huohuo zikiwa zimehamishwa kutoka LaTeX. Mwaka 2016 nyaraka za kiini cha Linux nazo zilianza kuhamia Sphinx. Wanaoisoma kazi ya Docutils kila siku ni wengi mno, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina lake.

Kazi ya namna hii huhakikiwa kwa kasi yake, kwa hitilafu zake, kwa urahisi wa kuisakinisha. Mimi nataka kuisoma kwa fani, kama tunavyousoma msuko wa riwaya, kwa sababu hapa fani ndiyo iliyobeba msimamo. Maktaba inayosoma maandishi ya mtu lazima iamue itafanya nini inapokosa hakika ya alichokusudia mtu huyo. Inaweza kukisia na kunyamaza. Inaweza kukataa na kuacha kazi. Docutils imechagua njia ya tatu: shaka ni sehemu ya hati, nayo ipewe mahali pake ndani ya hati. Uamuzi huo umeingia katika kila kiungo cha umbo lake, hata pale unapoiumiza.

Tazama kichwa cha habari kinavyoandikwa:

Utangulizi
==========

Mashine inapoufikia mstari wa kwanza haiwezi kujua kwamba ni kichwa. Ruwaza zote zenye sura zimekataa, ile tupu imekubali. Lakini haitangazi aya papo hapo. Huushika mstari huo, huingia katika hali nyingine yenye maswali machache zaidi, kisha husoma mstari wa pili. Wa pili ukiwa mtupu, wa kwanza ulikuwa aya ya mstari mmoja. Ukiwa umesogezwa ndani, wa kwanza ulikuwa istilahi na huu ndio mwanzo wa fasili yake. Ukiwa alama tupu, wa kwanza ulikuwa kichwa. Ukiwa maneno, aya inaendelea. Mstari hupewa maana na jirani yake wa chini. Jicho la msomaji hufanya hivyohivyo, kwa haraka kiasi kwamba hatugundui. Msimbo huu umelazimika kufanya hivyo waziwazi, hatua kwa hatua, na ndiyo maana kuusoma kunafundisha jambo kuhusu usomaji wenyewe.

Mstari wa alama unatakiwa uwe na urefu wa kichwa au zaidi. Neno "Utangulizi" lina herufi kumi. Ukiweka alama kumi, hakuna neno. Ukiweka tisa, Docutils inakubali kwamba umekusudia kichwa, inakijenga kichwa hicho, halafu inaambatanisha onyo kwamba mstari wa chini ni mfupi. Ukiweka tatu, mambo yanageuka: mistari yote miwili inachukuliwa kuwa maandishi ya kawaida. Mpaka umewekwa kwenye nne, na naona umewekwa vizuri. Alama tatu peke yake zinaweza kuwa chochote, vitone vya kukatisha maneno au mchoro wa mtu aliyekuwa akifikiri. Alama tisa chini ya herufi kumi haziwezi kuwa bahati. Hapo sheria inapima kiasi cha ushahidi, na adhabu yake inalingana na ushahidi huo.

Hakuna alama iliyotengewa ngazi fulani. Mtindo wa kwanza kuonekana katika hati ndio ngazi ya kwanza, wa pili ndio ya pili, na mwandishi akishajiwekea utaratibu anashikwa nao mpaka mwisho. Linganisha na Pandoc, kazi ya John MacFarlane iliyotoka mwaka 2006, ambayo nayo hugeuza nyaraka kwa kupitia mti wa katikati, yaani hati iliyogawanywa katika nodi zilizomo moja ndani ya nyingine. Katika mti wa Pandoc, kichwa ni nodi yenye namba ya ngazi ndani yake, imesimama bega kwa bega na aya zinazoifuata. Katika mti wa Docutils, sehemu ni chombo: kichwa chake, aya zake na sehemu zake ndogo zote zimo ndani yake, na namba haipo popote. Namba huzaliwa baadaye, pale mwandishi wa HTML, yaani sehemu ya Docutils inayoandika matokeo, anapoutembea mti: akiingia katika sehemu anaongeza moja, akitoka anapunguza moja, na kichwa kinapata ukubwa kutokana na alipofika. Nampendelea Goodger hapa. Ngazi ya kichwa ni habari ya mahali kilipo, na mti wa Docutils unaisema kwa mahali penyewe. Gharama yake huonekana unapoingiza faili moja ndani ya jingine: kama waandishi wawili walijiwekea taratibu tofauti za alama, hati iliyounganishwa huanza kulalamika, kwa kuwa kila faili lilikuwa sahihi peke yake tu.

Sasa tufike kwenye makosa, ambako fani hii inajitenga na jamaa zake zote. Chukua sentensi hii ya mwongozo:

Fungua faili la *mipangilio kabla ya kuanza.

Kinyota kinafungua msisitizo ambao haufungwi. Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, hukiacha kinyota hicho kipite kama kinyota. Maelezo rasmi ya CommonMark, yaliyoanza kutolewa mwaka 2014 ili kuinyoosha Markdown, yanaliweka jambo hilo kuwa kanuni: mfuatano wowote wa herufi ni hati halali. Huo ni ukarimu, na ni ukarimu uliofikiriwa. Mtu anayeandika ujumbe mfupi hataki kugombezwa kwa ajili ya kinyota.

Docutils inafanya hivi. Aya inajengwa kama kawaida, lakini ndani yake mnakuwa na vipande vitatu: maneno yaliyotangulia kinyota, kisha nodi ya tatizo iliyobeba kinyota chenyewe, kisha maneno yaliyobaki. Baada ya aya hiyo, kwenye mti uleule, inapandwa nodi nyingine: ujumbe wa mfumo, wenye ngazi ya uzito, namba ya mstari na aya yake ndogo inayoeleza kwamba msisitizo umefunguliwa bila kufungwa. Nodi hizo mbili zinashikana kwa vitambulisho. Katika HTML, kubofya kinyota kunakupeleka kwenye ujumbe, na ujumbe unakurudisha kwenye kinyota.

Kuna jambo hapa la kukaa nalo. Kwanza mwandishi hakunyang'anywa chochote. Kinyota chake kipo, maneno yake yapo, kwa mpangilio aliouandika. Kilichoongezwa ni ushuhuda kwamba msomaji wa kwanza, yaani mashine, alikwama mahali hapo. Na ushuhuda huo umeandikwa kwa nyenzo zilezile za hati. Ujumbe wa mfumo una aya ndani yake, na aya hiyo ni ya aina moja na aya za mwandishi. Kwa hiyo kila atakayeuchapa mti huu, awe wa HTML, wa LaTeX au wa kurasa za mwongozo, analazimika kujua namna ya kuchapa kosa, kama anavyojua kuchapa orodha na jedwali. Maktaba nyingi zina makosa yanayopita pembeni, kwenye dirisha la amri, yakasomwa na mtu mmoja siku moja na kupotea. Docutils nayo hutuma nakala huko pembeni. Lakini nakala ya kudumu imo ndani ya kazi.

Najua pingamizi. Mwongozo unaokwenda kwa wateja hautakiwi kubeba alama nyekundu katikati ya sentensi. Ni kweli, na ndiyo maana ujumbe umepewa ngazi kuanzia 0 hadi 4, pamoja na vizingiti viwili ambavyo mtumiaji anaweza kuvisogeza. Kwa kawaida kuanzia ngazi ya 2 kosa huonyeshwa, na kwenye ngazi ya 4 kazi husimama kabisa. Anayetaka ukali anashusha kizingiti cha kusimama hadi 2, na hati yenye kinyota kimoja kisichofungwa haitoki. Anayetaka ukimya anapandisha kile cha kuonyesha. Uamuzi wa nani aone shaka unabaki kwa mtu, na shaka yenyewe mashine imeitaja kabla hajaamua.

Ila kizingiti hichohicho kinaficha pahala pa udhaifu. Zile alama tatu chini ya "Utangulizi", zilizochukuliwa kuwa maandishi ya kawaida, nazo hupata ujumbe: kwamba huenda hiki kilikuwa kichwa, ila kimeachwa kwa kuwa alama ni chache mno. Ujumbe huo ni wa ngazi ya 1. Chini ya kizingiti cha kawaida. Mashine ilishuku, ikaandika shuku yake, kisha ikaiweka mahali ambapo mwandishi wa kawaida hatafika. Kwenye faili lenye vichwa vifupi kama "API" hakuna tatizo, kwa sababu alama tatu zinatosha herufi tatu. Tatizo ni la mwandishi mgeni aliyeweka alama tatu chini ya kila kichwa kwa kudhani zinatosha, akapata hati isiyo na vichwa, na asipewe neno. Huyo ndiye aliyehitaji kuambiwa kuliko wote. Kwa maktaba yenye msimamo huu, naona ngazi hiyo imepimwa vibaya.

Makosa mengine hayawezi kujulikana mapema. Kiungo kinachoelekea kwenye jina lisilokuwepo hakiwezi kuitwa kosa mpaka hati yote isomwe, maana jina huenda likatajwa kwenye mstari wa mwisho. Ujumbe wa namna hiyo huzaliwa kazi ya kusoma ikiwa imekwisha, wala hauna aya ya kusimama karibu nayo. Docutils huzikusanya jumbe hizo na kuzijengea sehemu yake mwishoni mwa hati. Hati inamaliza kwa orodha ya mahali iliposhindwa kueleweka. Sijaona kitu cha uaminifu zaidi katika programu za kugeuza nyaraka.

Msimamo wa kutokisia una upande wake mchungu, na sisi tunaoandika Kiswahili tunaugusa mapema kuliko Waingereza. Ili kinyota kihesabiwe kuwa mwanzo wa msisitizo, lazima kitanguliwe na nafasi au mojawapo ya alama chache za uandishi, na cha kufunga lazima kifuatwe vivyo hivyo. Sheria hiyo ina busara: inaokoa "2*3" na majina ya faili yenye kinyota katikati. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kinachosisitizwa ni neno zima. Mwalimu wa sarufi anayetaka kuonyesha kiambishi cha nafsi na shina katika "anasoma" hawezi kuandika vinyota vyake moja kwa moja. Atalazimika kuandika hivi:

*a*\ na\ *soma*

Mkwaju wa nyuma ukifuatwa na nafasi huifuta nafasi hiyo katika matokeo, lakini huiacha ifanye kazi ya kutenganisha wakati wa kusoma. Ni ujanja halali, umeelezwa katika kanuni, na haupendezi. Lugha iliyoanzishwa kwa ahadi kwamba maandishi ghafi yasomeke kwa jicho imevunja ahadi hiyo katikati ya neno. CommonMark inaikubali *a*na*soma* bila taabu yoyote, na kwa kitabu cha mofolojia ya Kibantu ningemshauri mtu aifikirie. Docutils ina mpangilio wa kulegeza sheria hii hadi kwenye herufi moja moja, uliowekwa hasa kwa ajili ya lugha zisizotenga maneno kwa nafasi, kama Kichina na Kijapani. Kwa kawaida umezimwa.

Waandishi wa nyaraka za programu kwa Kiswahili wana bahati moja. Tunapoambatisha viambishi vyetu kwenye amri ya kigeni huwa tunatia kistari, na kistari kimo katika orodha ya alama zinazoruhusiwa kutangulia. Kwa hiyo uki-``print`` inasomwa sawasawa, na amri inapata herufi zake za msimbo bila mkwaju. Ni sadfa, lakini ni sadfa inayotokana na sheria iliyoandikwa kwa uwazi kiasi kwamba unaweza kutabiri matokeo yake kabla ya kuijaribu.

Niseme pia kwamba Docutils ina aina ya nodi kwa ajili ya mishororo. Kila mstari ukianza na alama ya | hubaki mstari, haumezwi na aya, na kina cha kusogezwa ndani kinahifadhiwa. Kanuni zinautaja ushairi kwa jina, pamoja na anwani za barua. Mtu anayetayarisha diwani kwa ajili ya kusomwa kwenye kompyuta ana hapa nyenzo ambayo lugha nyingi alamishi humfanya aitengeneze kwa hila.

Mti ukishajengwa haukabidhiwi kwa mwandishi mara moja. Hupita mikononi mwa wageuzi, na hapa wakati unaingia katika fani. Agizo la kutengeneza yaliyomo huandikwa juu ya hati, mahali ambapo vichwa vya chini bado havijasomwa. Kichanganuzi, yaani sehemu inayosoma maandishi, hakiwezi kulitimiza, kwa hiyo kinaweka nodi ya kungoja: tupu, ila imeandikwa nani atakayeijaza na kwa maelekezo gani. Kila mgeuzi ana namba ya tarakimu tatu inayosema zamu yake. Anayepandisha kichwa pekee cha juu kuwa jina la hati yuko 320. Anayesoma orodha ya uga inayofuata jina hilo na kuifanya kuwa habari za mwandishi, tarehe na toleo yuko 340, baada ya jina kupatikana, maana kabla ya hapo orodha hiyo ingali imefungiwa ndani ya sehemu. Anayehesabu sehemu yuko 710, na anayejaza yaliyomo yuko 720. Zisome namba hizo mbili za mwisho pamoja: kama zamu zingebadilishana, orodha ya yaliyomo ingetoka bila namba za sehemu. Wanaokusanya ujumbe wa makosa wako 860, karibu na mwisho, kwa sababu kila aliyewatangulia angeweza kuzusha kosa jipya.

Napenda wazo la nodi ya kungoja kuliko napenda namba. Namba hizi zinafanya kazi, lakini hazisemi sababu. Anayeziona 320 na 340 anajua nani wa kwanza, hajui kwa nini, na anayetaka kuongeza mgeuzi wake mwenyewe, jambo ambalo watu wa Sphinx hulifanya mara kwa mara, huchagua namba kwa kuchungulia za wenzake na kutumaini. Maktaba iliyojitahidi hivi kuweka shaka hadharani imeacha sababu zake yenyewe kwenye nafasi kati ya tarakimu.

Mwandishi wa mwisho huutembea mti kwa adabu moja: kila nodi hugongwa mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kwa HTML umbo hili ni vazi lililoshonwa kwa kipimo. Ukiingia kwenye msisitizo unaandika alama ya kufungua, ukitoka unaandika ya kufunga, na kati yake watoto wanajiandika wenyewe. Unaweza kulisoma faili la mwandishi wa HTML kwa jozi, mbinu baada ya mbinu, na ukaijua lugha yote ya Docutils kwa jioni moja.

Nenda kwa mwandishi wa kurasa za mwongozo na umbo linaanza kubana. Mfumo wa troff husoma nukta mwanzoni mwa mstari kuwa ni amri. Sentensi inayosema kwamba mipangilio imo katika .bashrc, ikivunjika mahali pabaya, huanza mstari kwa nukta na kumezwa. Mwandishi lazima aangalie maandishi yanaangukia wapi, jambo ambalo mti hausemi, kwa kuwa mti unajua uzazi wa nodi na haujui upana wa ukurasa. Kwa LaTeX ni zaidi: majedwali, tanbihi na mahali zinaporuhusiwa, vifurushi vinavyotakiwa kutajwa juu ya hati baada ya kugundulika chini kwamba vinahitajika. Faili lake limerefuka likajaa vigeuzi vya kukumbuka tuko wapi na tumepita nini. Kuingia na kutoka hakutoshi pale lugha ya kufikia ina kumbukumbu yake. Kasoro hii haitokani na uzembe. Mti ulichorwa kwa umbo linalofanana na XML, na kadiri lugha ya kufikia inavyokuwa mbali na XML ndivyo mwandishi anavyobeba mzigo mzito zaidi.

Anayetaka kuijua Docutils kwa karibu asianzie kwenye maelezo, aanzie kwenye majaribio. Majaribio ya kichanganuzi yamepangwa kwa jozi: upande mmoja maandishi ghafi, upande wa pili mti unaotarajiwa, umeandikwa kwa namna ya XML isiyo na alama za kufunga, ambamo uzazi huonekana kwa kusogeza ndani peke yake. Jozi baada ya jozi, mamia, kila moja ikiuliza swali dogo na kulijibu: orodha iliyokatika, jedwali lenye ukingo mbovu, nukta pacha zilizosahauliwa. Makosa yamo humo kwa wingi, na miti yake imeandikwa kwa uangalifu uleule wa miti mizima. Huko ndiko msimamo wa kazi hii unakothibitishwa mstari kwa mstari: kosa lina umbo lake sahihi, na umbo hilo likiharibika jaribio linashindwa.

Katika majaribio hayo zimo pia lugha za watu. Docutils humruhusu mtu aandike maagizo kwa lugha yake: Mjerumani huandika onyo kwa Kijerumani, Mfaransa kwa Kifaransa, na jedwali dogo hulielekeza kila jina kwenye agizo la asili. Jedwali jingine lina majina ya kuchapwa kwenye hati, kama mwandishi, tarehe na toleo, pamoja na alama zinazotenganisha majina ya waandishi walio wengi. Kiafrikana kimo, Kiarabu kimo, Kiesperanto kimo. Katika matoleo niliyoyasoma Kiswahili hakimo. Ukiiambia Docutils kwamba hati yako ni ya Kiswahili, inakupa ujumbe wa ngazi ya 2 kwamba lugha hiyo haitambuliki, na kwamba maneno yatakayoandikwa na mashine yenyewe yatatoka kwa Kiingereza. Mafaili yanayokosekana ni mawili, yote mafupi, na mifano ya kuyafuata iko wazi katika lugha zilizotangulia: maneno machache ya vibandiko, majina ya aina tisa za maonyo na vidokezo, majina ya maagizo na ya dhima za ndani ya mstari, kisha majaribio yake kwa jozi, maandishi upande huu na mti upande ule.